Mitindo 7 ya Ajabu ya Kunasa Besi wa Naivasha (na Kwa Nini Usiwahi Kumleta Garba)

Kuna samaki Kenya hii anaweza kuuma kipande cha malapa iliyozeeka, akiwa ameshiba, bila harufu yoyote ya nyama. Si eti ni mjinga. Ni venye ameundwa. Ukishaelewa kichwa yake inafanya kazi aje, utamshika na vitu ambavyo hata wavuvi wa siku nyingi wataangalia mara mbili.

Jina lake ni black bass. Hapa tutamwita besi tu, na si ile ya kwaya wala ya spika ya nganya.

Kama wewe ni wa huku kwetu Garbatulla najua unajiuliza: samaki inatuhusu na nini? Sisi ni watu wa ngamia, maziwa na nyirinyiri. Sawa. Lakini kuna mayut wetu wameshika njia ya Naivasha kutafuta kazi, na wakirudi nyumbani wanakuja na maswali mawili. La kwanza: huyo samaki anashikwaje? La pili: kwani hatuwezi beba wachache kwa mtungi tuwamwage kwa bwawa letu, ama kwa Ewaso? Swali la kwanza ni raha tupu. La pili ni noma, na ndiyo maana nataka usome mpaka chini.

Huyu mgeni alifika aje?

Besi si wa hapa. Kwao ni Amerika ya Kaskazini. Aliletwa Ziwa Naivasha mwaka wa 1929, enzi za wakoloni, ili walowezi wapate mchezo wa kuvua wikendi. Tilapia walikuwa wameletwa 1925 kidogo mbele yake. Halafu mwaka wa 1970 akaletwa kamba mwekundu wa maji baridi ambaye asili yake ni upande wa Louisiana, yule ana mikasi mbele kama nge. Kwa besi, hiyo ilikuwa kama mtu kufungua hoteli mlangoni kwake.

Besi mdogo anakula wadudu wa majini. Lakini akishakaribia urefu wa rula ya shule, anahamia vitu vizito: kamba, samaki wadogo, vyura. Mdomo wake ni mkubwa ajabu. Taya linapita nyuma ya jicho. Na haumi vile mbwa anauma. Anafungua mdomo ghafla, maji yanavutwa ndani na chakula kinaingia nayo. Yote inaisha kwa kufumba na kufumbua jicho.

Siri iko kwa tabia, si kwa chambo

Besi ni mviziaji. Hakimbizi chakula ziwa nzima. Anajificha kando ya kitu, kama mti ulioanguka, mafunjo, ama kivuli cha gugu maji, halafu anangoja. Chenye kinapita mbele yake ana sekunde moja tu ya kuamua: nishike ama niwache?

Hapo ndipo kazi yako inaanza. Besi hana mikono ya kugusa kitu ajue ni nini. Akitaka kujua, anaweka mdomoni. Kwa hivyo huuma kwa sababu tatu: njaa, hasira, na kushtuka. Wavuvi wengi wanajua njaa peke yake. Hii mitindo saba inacheza na zote tatu.

1. Usifanye kitu

Ndiyo, umesoma vizuri. Rusha chambo bandia kinachofanana na mnyoo, kile laini cha plastiki, wacha kizame mpaka chini, halafu tulia. Usivute. Hesabu mpaka 20, hata 30.

Watu wengi wanaharibu kwa sababu mkono unawasha. Wanavuta vuta kama wanapiga pampu ya maji. Lakini besi mkubwa ameona vitu vingi vikipita mbio. Kitu kinachoanguka polepole halafu kinalala pale, kinatetemeka kidogo tu na maji, hakimtishi. Anakisogelea, anakiangalia, anakivuta ndani. Mara nyingi hutasikia hata mtikiso. Utaona tu uzi unatembea kando. Macho yako yawe kwa uzi, si kwa simu.

2. Dunga mnyoo katikati

Kawaida tunafundishwa kudunga mnyoo kuanzia kichwani. Sasa chukua huo mnyoo wa plastiki, dunga ndoana katikati kabisa, pande zote mbili ziningʼinie. Unakaa ujinga. Ukiuonyesha mzee yeyote wa ziwa atacheka.

Lakini ukizama, ncha zote mbili zinapiga piga kama kiumbe kinachokufa. Huo mtikisiko mdogo besi anausikia kabla hata ya kuuona, kwa sababu ubavuni ana mstari wa vinyweleo vya hisia unaomwambia maji yanasukumwa wapi. Kwake, kitu kinachotapatapa ni chakula rahisi.

3. Chura anayetembea juu ya magugu

Naivasha ina gugu maji mpaka basi, na wengi wanalikimbia kwa sababu linakula ndoana. Besi naye anapenda chini yake, kuna kivuli na kuna chakula.

Dawa yake ni chura bandia mwenye tumbo wazi, yule ndoana zake mbili zimelala mgongoni ili zisishike majani. Mrushe katikati ya magugu, mvute kidogo kidogo, mpumzishe kwa kila nafasi yenye maji. Besi akiwa chini anafuata kivuli, halafu ghafla maji yanalipuka.

Hapo ndipo watu hupoteza samaki. Ukiona mlipuko unavuta hapo hapo, na unamtoa chura mdomoni kabla hajafunga. Sema polepole "moja, mbili", sikia uzito kwa uzi, ndipo uvute. Hiyo "moja, mbili" ndiyo tofauti ya kubeba samaki na kubeba hadithi.

4. Panya wa malapa

Hii ndiyo yangu. Besi anakula panya. Anakula hata mjusi na kifaranga cha ndege kikianguka majini. Chochote kinachoingia mdomoni na kinaogelea vibaya ni halali yake.

Marekani wanatengeneza panya wa kuvulia kwa manyoya ya paa, kwa sababu nywele zake zina uwazi ndani, zinaelea. Nywele za mbuzi hazina huo uwazi, zikilowa zinazama. Kwa hivyo fanya hivi: kata mwili kutoka kwa malapa ya sponji iliyozeeka, saizi ya kidole gumba, pitisha ndoana, ncha ibaki nje. Mkia weka kishungi cha nywele za mbuzi, hizo zinacheza vizuri zikiwa majini. Sponji inaelea, mbuzi anacheza. Bei: karibu sufuri. Mvute polepole juu ya maji tulivu, sambamba na ukingo, usimtoe ukingoni moja kwa moja kuelekea katikati. Panya aliyeanguka majini hatalii, anatafuta kurudi nchi kavu.

5. Kamba anayekimbia kinyumenyume

Kama utabeba chambo kimoja tu Naivasha, beba kinachofanana na kamba. Lakini watu wanakivuta vibaya. Kamba akitembea anaenda mbele polepole. Akishtuka anapiga mkia na kuruka kinyumenyume.

Kwa hivyo chambo chako kifungwe ili mkia uwe upande wa uzi na mikasi ibaki nyuma. Kizamishe, kiburute chini taratibu, halafu mpige mkono mara moja kiruke, kisha kitulie. Tembea, ruka, tulia. Besi mara nyingi anakishika kikiwa kinashuka baada ya kuruka. Rangi? Kahawia, nyekundu iliyokolea, ama kijani cha matope. Usilete rangi ya harusi.

6. Gonga mti makusudi

Ziwa Naivasha limepanda sana miaka hii, hasa kuanzia 2020, na migunga mingi iliyokuwa nchi kavu sasa imesimama ndani ya maji ikiwa imekufa. Mvuvi wa kawaida anakwepa hiyo miti asipoteze chambo. Wewe ilenge.

Chukua chambo kigumu chenye mdomo mpana mbele, kile kinachozama kikivutwa. Kivute haraka mpaka kigonge shina, kisha wacha sekunde moja kielee juu. Ule mgongano na kugeuka ghafla unamshtua besi aliyelala kando ya shina. Hajafikiria njaa. Ameshtuka tu, kama vile wewe unadaka chupa ikianguka mezani kabla ujue ni ya nani. Utapoteza chambo kimoja ama viwili, ni kweli. Fikiria kama nauli.

7. Maji machafu, vaa nyeusi

Akili ya kawaida inasema maji yakiwa ya matope utumie rangi inayong'aa. Lakini chambo cheusi kinatoa kivuli kizito dhidi ya mwanga wa juu, na besi mara nyingi anaangalia kutoka chini.

Na hapa sayansi imeokoa mfuko wako. Watafiti wa Marekani walifundisha besi kuchagua rangi ili wapate chakula. Wakakuta anatofautisha nyekundu na kijani vizuri sana, lakini nyeusi na buluu iliyokolea zinamchanganya, na pia nyeupe na ile njano kali ya kijani. Maana yake: ukiwa na chambo cheusi, hauhitaji cha buluu iliyokolea. Ukiwa na cheupe, ile njano kali inaweza kungoja. Duka litakuuzia rangi 40. Nyingi zimetengenezwa kunasa wewe, si samaki.

Mtindo wa nane, ambao sikushauri

Besi dume anachimba kiota, na jike akishataga, yeye ndiye anabaki kulinda mayai na watoto. Wakati huo ana hasira ya fahali. Ukirusha chambo hapo mara kumi, ishirini, mwishowe atakishika ili akitoe nyumbani kwake. Rahisi kabisa.

Shida ni kwamba ukimwondoa, samaki wengine wanaingia wanamaliza watoto wote. Umekula baba na kizazi. Kwa ziwa ambalo besi wake wamepungua, hiyo ni kujikata mguu. Ukimshika hapo, mrudishe haraka pale pale.

Rekodi: mkulima dhidi ya Japani

Tarehe 2 Juni 1932, kijana mkulima anaitwa George Perry alivua besi wa ratili 22 na aunsi 4 kule Georgia, Marekani. Hiyo ni kama kilo 10. Wakati huo uchumi ulikuwa umeanguka, na inasemekana familia ilifanya kile familia yako ingefanya: walimpika wakamla. Rekodi hiyo ilikaa miaka 77. Tarehe 2 Julai 2009, Manabu Kurita akavua mwingine Ziwa Biwa, Japani, kilo 10.12. Akamzidi wa Perry kwa chini ya aunsi moja, kwa hivyo wanahesabiwa sare.

Sasa shika hii: Japani iliyomtoa besi wa rekodi imemweka besi huyo huyo kwa orodha ya viumbe wavamizi tangu 2005. Kwa nini? Tunakuja hapo.

Kabla ya kwenda ziwani: uhai kwanza

Besi anauma sana alfajiri na jioni. Kiboko naye, usiku anatoka majini kwenda kula nyasi, alfajiri anarudi, jioni anatoka tena. Yaani saa tamu za samaki ndizo saa za kiboko. Na kiboko ameua wavuvi Naivasha, hiyo si hadithi ya kutisha watoto. Usisimame kati yake na maji. Usivue peke yako ukingoni giza likiwepo. Hii mitindo saba inafanya kazi hata saa tatu asubuhi kando ya kivuli, kwa hivyo usiuze maisha yako kwa sababu ya nusu saa.

Pili, upepo. Asubuhi ziwa linaweza kuwa kama kioo, mchana mawimbi yanaamka. Kama uko kwa boti, vaa jaketi ya kuelea na upange kurudi mapema. Tatu, leseni. Hata kuvua kwa ndoana moja kwa raha kunahitaji kibali. Uliza ofisi ya uvuvi ama kikundi cha wavuvi cha ufuo kabla ya kurusha. Faini na kunyang'anywa vifaa ni bei ghali kuliko kibali.

Sasa swali la pili: kwa nini tusimlete Garba?

Naelewa hesabu yako. Bwawa lipo, mvua ikinyesha linajaa, samaki ni pesa. Ewaso Ng'iro yenyewe si mbali, shuka tu upande wa Malka Daka. Mtungi mmoja wa besi wadogo, miaka miwili, na tumeomoka. Si ndiyo?

Angalia yaliyotokea kwingine.

Guatemala kuna ziwa linaitwa Atitlán. Kati ya 1958 na 1960 besi waliwekwa humo ili kuvutia watalii. Wakala samaki wadogo, wakala kaa, watu waliotegemea hao wakabaki mikono mitupu. Kulikuwa na ndege mmoja wa majini aliyeishi ziwa hilo pekee duniani. Besi wakamaliza chakula chake na vifaranga vyake, shida zingine zikaongezeka juu, na leo huyo ndege hayupo tena. Ameisha kabisa. Afrika Kusini nayo besi aliingizwa 1928, na kuna mito ambayo samaki wadogo wa asili wamefagiliwa. Ndiyo maana besi yuko kwa orodha ya viumbe 100 wavamizi wabaya zaidi duniani.

Usiseme ni mambo ya mbali. Naivasha yenyewe ilikuwa na kasamaki kake kadogo ka asili. Kalionekana mara ya mwisho 1962, na besi ni mmoja wa washukiwa wakuu.

Na hata besi mwenyewe amepigwa na mgeni mwingine. Kulikuwa na samaki aina ya kapi ambao hakuna mtu aliwaweka Naivasha makusudi. Inaaminika walitoroka kutoka mabwawa ya juu wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, wakashuka na mto. Walionekana ziwani 2001, mwaka ambao serikali ilikuwa imefunga uvuvi hapo kwa sababu samaki walikuwa wameisha. Miaka kumi baadaye, kapi ndio walikuwa karibu kila kitu kwa nyavu. Wanachimba matope, maji yanachafuka, na besi anayewinda kwa macho anabaki anapapasa.

Sasa weka hiyo picha kwetu. Unasema utaweka besi kwa bwawa, hawatatoka. Mwisho wa 2023 mafuriko yalipokuja uliona bwawa gani likibaki na mipaka? Laga zote zilikuwa mto mmoja. Bwawa likifurika samaki anaingia Ewaso. Ewaso inateremka mpaka kinamasi cha Lorian, na mwaka wa mafuriko makubwa maji yanaweza kuvuka kuelekea Somalia. Umeachilia kitu ambacho hakuna serikali, hakuna NGO, hakuna mzee wa dedha anaweza kukirudisha kwa mtungi. Mbuzi akiharibu shamba unamfunga. Besi utamfunga na nini?

Tena sheria ya uvuvi ya 2016 hairuhusu mtu kumwaga samaki wa kigeni majini bila idhini. Kwa hivyo si wazo mbaya tu, ni kesi.

Basi mtu wa Garba afanye nini?

Kwanza, Ewaso tayari ina kambare, na huyo yuko nyumbani. Lakini usimletee panya wa malapa, atakuona mtoto. Kambare anategemea harufu na zile sharubu zake kwenye maji ya matope. Mpe matumbo ya mbuzi, kitu kinachonuka kweli, kilale chini. Na kaa mbali na ukingo, kwa sababu mto una mamba.

Pili, kama unataka samaki wa biashara, nenda ofisi ya uvuvi ya kaunti Isiolo, waulize kuhusu kufuga tilapia ama kambare kwa bwawa lililojengwa vizuri, lenye wavu wa kuzuia kutoroka. Uliza pia soko kabla ya kuchimba, maana huku kwetu bado wengi wanaangalia samaki kama wanaangalia nyoka.

Tatu, kama kazi imekupeleka Naivasha na Jumapili uko huru, tafuta malapa iliyokatika, ndoana, nywele za mbuzi na kibali. Shika besi, mpike, mle mmalize. Wa Naivasha ameshakuwa hapo tangu 1929, kumla ni kusaidia. Akipanda basi la Isiolo awe amekaangwa.